Meya aliyelipwa kwa magunia ya sufu: kisa cha Richard Whittington na madeni ya wafalme

Kati ya Agosti 1388 na Julai 1422, daftari za Hazina ya Uingereza zinamtaja Richard Whittington, muuza vitambaa wa London, akimkopesha mfalme si chini ya mara 59. Mkopo mdogo kabisa ni £4, mkubwa kabisa £2,833. Waliokopa ni wafalme watatu waliofuatana, Richard II, Henry IV na Henry V, na wa pili kati yao alimpindua wa kwanza. Whittington alikufa Machi 1423 akiwa tajiri, na sehemu kubwa ya utajiri wake ilikuwa fedha taslimu.

Anayeijua mikopo ya wafalme wa zama zile atashangaa. Mfalme hashtakiwi. Mali yake haipigwi mnada. Edward III aliposhindwa kulipa miaka ya 1340, nyumba za Bardi na Peruzzi za Florence zilianguka. Baada yao wakajitokeza wafanyabiashara wa Kiingereza wakiongozwa na Walter Chiriton, na kufikia 1349 nao walikuwa hoi. Nicholas Brembre, muuza viungo aliyepata kuwa meya wa London, hakusubiri kufilisika: alinyongwa Februari 1388 kwa kuwa karibu mno na Richard II. Miezi sita baadaye, Agosti mwaka huohuo, ndipo Whittington alipotoa mkopo wake wa kwanza kwa Richard huyohuyo.

Kwa hiyo swali la kisa hiki ni la kihasibu: alilipwaje?

Hekaya ya kijana fukara aliyeingia London na paka wake tuiache mlangoni. Ilianza kusimuliwa karibu miaka 200 baada ya kifo chake. Whittington alizaliwa miaka ya 1350 huko Pauntley, Gloucestershire, mtoto wa tatu wa kiume wa sir William Whittington, aliyefariki 1358. Kwa sheria ya urithi ya Kiingereza ardhi huenda kwa kifungua mimba, na mtoto wa tatu hubaki na jina la ukoo na mikono yake miwili. Familia nyingi za aina hiyo ziliwapeleka wadogo London kujifunza biashara. Yeye aliingia kwa wauza vitambaa vya thamani, chama kinachoitwa Mercers mpaka leo. Bidhaa zao zilikuwa hariri, mahameli, kitani na kitambaa cha zari: vitu vyepesi kubeba, ghali, na visivyo na mteja mwingine ila wakubwa.

Mteja huyo ndiye mwanzo wa kila kitu, maana mkubwa halipi papo hapo. Robert de Vere, kipenzi cha Richard II, alipokimbia nchi mwishoni mwa 1387 aliacha anadaiwa na Whittington £2,000. Ni pigo ambalo lingemfunga duka mtu mwingine. Miaka michache baadaye, kati ya 1392 na 1394, Whittington alimuuzia mfalme mwenyewe bidhaa za karibu £3,500. Maana yake ni kwamba kabla hajaitwa mkopeshaji, alikuwa amekwisha kukopesha kupitia kaunta ya duka. Kumpa mfalme fedha badala ya vitambaa ilikuwa hatua fupi. Na asiyekopesha huenda hata zabuni ya vitambaa asingeipata.

Fedha zenyewe zilipelekwa Westminster, kwenye ofisi ya mapokezi ya Hazina. Huko mkopeshaji hakupewa hati ya ahadi kama tunavyoijua leo. Mara nyingi alipewa kijiti.

Kijiti hiki kilichongwa kwa mti wa heizeli, na kiasi cha fedha kikakatwa juu yake kwa pengo. Kanuni iliyoandikwa tangu karne ya 12 inaeleza vipimo vyake: pengo la £1,000 lina upana wa kiganja, la £100 upana wa dole gumba, la £20 upana wa kidole kidogo, na la £1 upana wa punje ya shayiri iliyoiva. Shilingi ni nyembamba zaidi, na peni moja ni mkato wa kisu tu usioondoa mbao. Kisha jina, sababu na tarehe huandikwa kwa wino kwa Kilatini, na kijiti kinapasuliwa kwa urefu, mapengo yakagawanyika nusu huku nusu huku. Sehemu ndefu yenye shina inatoka, sehemu fupi inabaki Hazina. Siku ya hesabu vipande viwili vinalazwa pamoja. Ukiongeza pengo kwenye chako, cha Hazina kitakuumbua, na hata nyuzi za mbao zenyewe hazighushiki. (Vijiti vilivyosalia vilichomwa 1834 kwenye tanuri za Bunge, na Bunge likaungua navyo.)

Sasa, Hazina yenyewe mara nyingi haikuwa na fedha. Kwa hiyo kijiti alichopewa mkopeshaji kiliandikwa kana kwamba mkusanya ushuru wa bandari fulani amekwisha kuleta kiasi hicho. Mkopeshaji anakichukua kijiti, anamwendea mkusanyaji huyo, anamkabidhi, anapewa fedha. Mkusanyaji anakitunza, na siku ya ukaguzi anakitoa kuthibitisha kwamba kiasi kile hakimhusu tena. Ni utaratibu mzuri, hausafirishi fedha njiani wala hauhitaji walinzi.

Kasoro yake ni moja, nayo ni kubwa. Hakuna aliyemzuia mfalme kutoa vijiti vingi kuliko ushuru uliopo. Mkopeshaji wa kwanza kufika bandarini anakuta sanduku limejaa, wa tano anakuta vumbi. Huyo wa tano anarudi Westminster na kijiti chake. Karani anafuta malipo yale daftarini, kisha anaandika kiasi hichohicho upya kana kwamba bwana huyu ameleta mkopo mwingine, na anampa kijiti kipya kwenye bandari nyingine. Hakuna senti iliyotembea. Ndiyo maana kuhesabu mikopo ya zama zile kwa kusoma daftari pekee ni hatari: baadhi ya "mikopo" ni deni la zamani lililovalishwa kanzu mpya.

Ukitaka kulipwa, basi, unahitaji mambo matatu. Kijiti chako kiwe kwenye chanzo chenye fedha nyingi. Ujue fedha zinaingia lini. Ufike mapema. Whittington alipata yote matatu kwa njia ambayo ukiitazama leo utaiita mgongano wa maslahi, na enzi zile waliiita utumishi: kuanzia 1401 hadi 1405, na tena 1407 hadi 1410, alikuwa mmoja wa wakusanyaji wa ushuru wa sufu katika bandari ya London.

Sufu ndiyo iliyokuwa mafuta ya Uingereza. Mwingereza aliyesafirisha gunia moja nje alilipa ushuru wa zamani wa shilingi 6 na peni 8, na juu yake tozo iliyoidhinishwa na Bunge, ambayo mara nyingi ilikuwa shilingi 43 na peni 4. Jumla shilingi 50, yaani pauni mbili na nusu (peni 12 ni shilingi moja, shilingi 20 ni pauni moja). Wageni walilipa zaidi. Gunia la kisheria lilikuwa na ratili 364, takribani kilo 165, na lilihitaji manyoya ya kondoo zaidi ya 200.

Sufu ilipimwa gatini karibu na ngome ya Tower, ambako John Churchman alijenga nyumba ya forodha mwaka 1382. Wakusanyaji walikuwa wawili, na muhuri wa forodha uligawanywa vipande viwili, kimoja kikishikwa na wakusanyaji na kingine na mdhibiti, ili asiweze mmoja kumruhusu rafiki yake peke yake. Mdhibiti huyo alikaa pembeni na daftari lake la pili la kulinganishia. Mshairi Geoffrey Chaucer aliishika kazi hiyo ya udhibiti kuanzia 1374 hadi 1386. Meli haikung'oa nanga bila cheti chenye muhuri kamili.

Mkusanyaji anayeshika nusu ya muhuri anaona kila gunia. Kijiti chake kikiandikwa kwenye ushuru wa London, anajilipa mwenyewe, kihalali kabisa, kabla ya aliyetoka mbali hajafunga farasi wake. Hakuhitaji kuiba. Wakaguzi wa Hazina walizipitia hesabu zake kama za wengine. Alichokuwa nacho ni nafasi ya kwanza kwenye foleni, na katika mfumo ambao foleni ni ndefu kuliko sanduku, nafasi hiyo ndiyo tofauti kati ya mkopo na sadaka.

Njia ya pili ilikuwa nzuri zaidi, kwa sababu haikuhitaji fedha yoyote kuwepo. Mfalme anampa kibali cha kusafirisha sufu yake bila kulipa ushuru mpaka deni liishe. Tuchukue deni la £1,000 kwa mfano. Pauni 1,000 ni shilingi 20,000. Gawa kwa 50, unapata magunia 400: tani 66 za sufu, manyoya ya kondoo wapatao 100,000. Magunia hayo yanapita gatini bila kulipa, na huko Calais, ng'ambo ya bahari, yanauzwa kwa bei ileile ya wenzake, ambayo wote wameipanga wakijua wamelipa shilingi 50 kwa kila gunia. Zile shilingi 50 zinabaki mfukoni mwake. Mfalme hajatoa kitu, amekosa tu kupokea. Ni wazi kwa nini muuza hariri, mtu wa zari na mahameli, tunamkuta kuanzia miaka ya mwanzo ya 1400 akipakia sufu London na Chichester. Sikubaliani na wanaosema alipanua biashara. Aliingia kwenye sufu kwa sababu deni lake lilikuwa humo.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba inakulazimisha kuwa na mtaji mara mbili. Umekwisha kutoa £1,000, sasa lazima ununue magunia 400, uyakodie meli, ungoje upepo, uuze ng'ambo. Mtu mwenye mtaji mdogo akipewa kibali cha aina hii anabaki nacho kama mtu aliyepewa tiketi ya meli naye hana nauli ya kufika bandarini.

Na faida? Kanisa lilikataza riba, na hakuna mahali daftari linasema Whittington alilipwa zaidi ya alichotoa. Mwaka 1421 aliteuliwa hata kuwa miongoni mwa mahakimu wa kesi za riba, jambo ambalo wengine huliona kichekesho. Wanahistoria wamebishana sana kama kiasi kilichoandikwa kilikuwa kikubwa kuliko kilichotolewa kweli, ili riba ijifiche ndani ya tarakimu. Inawezekana kabisa, lakini kwa Whittington sioni kama tunalazimika kuitafuta humo. Harusi ya Blanche, binti wa Henry IV, ilipofika, aliyeuza zari alikuwa nani? Whittington: vitambaa 10 vya zari na bidhaa nyingine, £215, shilingi 13 na peni 4. Mkopo ulishikilia mlango wazi, faida ikapita kwenye vitambaa.

Umeya wake nao uliingia katika hesabu hiihii. Mwaka 1392 London ilikataa kumkopesha Richard II. Mfalme akahamishia mahakama zake York, akamwondoa meya John Hende, akateua msimamizi wake mwenyewe na kuzichukua haki za jiji. Jiji likanyenyekea, likalipa £10,000, na haki zikarudishwa kwa sharti la "mpaka mfalme atakapoamua vinginevyo". Kisu kilibaki shingoni kwa miaka mitano. Juni 1397 meya aliyekuwa madarakani, sonara Adam Bamme, akafa. Mfalme hakungoja uchaguzi, akamtaja Whittington, wakati huo mzee wa kata aliyekwisha kuwa sherifu mwaka 1393. Kwa kanuni za jiji, uteuzi huo ulikuwa tusi. Siku chache baadaye, hata hivyo, haki za London zilithibitishwa bila lile sharti, na fedha za wananchi zikaelekea tena kwa mfalme. Tarehe 13 Oktoba wananchi wenyewe walimchagua Whittington kuendelea. Walimwona kama mtu anayeweza kuzungumza na mdaiwa wao sugu, na hilo si dogo.

Miaka miwili baadaye likaja jaribio la kweli. Septemba 1399 Richard II aliondolewa kwenye kiti akiwa anadaiwa na Whittington marki 1,000. Marki ilikuwa kipimo cha hesabu tu, shilingi 13 na peni 4, kwa hiyo deni lilikuwa £666, shilingi 13 na peni 4. Mpinduzi hana wajibu wa kulipa madeni ya aliyempindua, na angeweza kumhesabu mdai kuwa mtu wa utawala uliopita. Henry IV alilipa. Zaidi ya hapo, alimwingiza Whittington katika baraza lake pamoja na Walondoni wengine wawili, John Shadworth na William Brampton.

Huruma haikuhusika. Henry aliingia na kiti kinachotikisika na hazina tupu, akiwa na maadui Wales na Scotland. Angekataa deni la Richard, kila mwenye fedha London angefunga kasha lake siku hiyo. Kwa kumlipa mmoja waziwazi alijifungulia milango ya wote. Whittington naye, tofauti na Brembre, alikuwa amejiweka kama mkopeshaji wa kiti, si rafiki wa aliyekikalia. Hakujenga kundi la kisiasa, hakushiriki kuwanyonga wapinzani wa mtu, na hakuchukua vyeo vya ikulu mpaka mfalme mpya alipomwita.

Mwaka 1407 mambo karibu yaharibike. Calais ilikuwa mji wa Kiingereza kwenye pwani ya Ufaransa, na sheria ililazimisha sufu karibu yote iuzwe kupitia soko lake kuu. Ngome yake ililipwa kutokana na ushuru wa sufu hiyohiyo. Unaona tatizo: kila kijiti anachopewa mkopeshaji, na kila gunia linalopita bila ushuru, linatoka kwenye mshahara wa askari. Mishahara ilipolala muda mrefu, askari wa Calais waliikamata sufu ya wafanyabiashara iliyokuwa maghalani na kukataa kuiachia mpaka walipwe. Mkopeshaji aliyedhani amelipwa kwa sufu akajikuta sufu yenyewe imeshikwa rehani na watu wenye mikuki. Ilibidi wafanyabiashara walewale wakopeshe tena ili askari walipwe, na sufu ikaachiwa.

Mwaka huo Whittington alikuwa meya wa London kwa mara nyingine, na katika kipindi hicho alikuwa pia meya wa soko la sufu la Calais. Mtu mmoja akashika ncha zote mbili za kamba: jiji linalokopesha, na soko ambako mkopo unarudi. Ukiisoma orodha ya vyeo vyake kama tuzo za heshima, hutaelewa kitu. Isome kama orodha ya milango ambayo fedha yake ilipaswa kupita ikirudi.

Alichaguliwa meya tena 1419. Mke wake Alice FitzWaryn alikuwa ametangulia kufa miaka kadhaa nyuma, na hawakuacha mtoto. Wengi wa hadhi yake walikuwa wakinunua mashamba na kuwa mabwana wa vijijini. Yeye alinunua ardhi kidogo sana. Mtaji wake alihitaji uwe mwepesi kutembea. Ndiyo maana wasia wake wa Septemba 1421 uliwarahisishia wasimamizi, wakiongozwa na John Carpenter, karani wa jiji: karibu kila kitu kilikuwa fedha, na fedha inatumika haraka.

Nao waliitumia haraka. Gereza la Newgate lilijengwa upya, hospitali ya St Bartholomew ikakarabatiwa, maktaba ikawekwa Guildhall, ukumbi wa jiji. Nyumba ya wazee maskini 13 ilipewa kanuni mwaka 1424: msimamizi peni 16 kwa wiki, wengine peni 14. Bado inaendeshwa na Mercers, ingawa tangu miaka ya 1960 iko nje ya London, karibu na East Grinstead. Katika kata ya Vintry, ukingoni mwa Thames, kulijengwa choo cha umma kilichoitwa Longhouse, chenye viti 128, 64 vya wanaume na 64 vya wanawake, safu mbili juu ya mtaro. Hakikuhitaji wa kukisafisha. Maji ya mto yalipojaa yaliingia mtaroni, na yalipokupwa yalitoka na kila kitu.